Goti linauma: mazoezi, sindano, kamera au goti bandia?

Mtu akishaumwa goti kwa wiki kadhaa, ushauri humjia kutoka pande zote. Mmoja anamwambia apumzike, mwingine anamhimiza afanye mazoezi. Yupo anayesifia sindano iliyomwinua shangazi yake siku hiyohiyo, na yupo anayemtisha kwamba asipopasuliwa haraka ataishia kwenye magongo. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anazungumzia goti lake. Kijana wa miaka 22 aliyesikia mlio ndani ya goti akiwa uwanjani, na mama wa miaka 58 ambaye goti humkaza kila asubuhi, wanaweza wote kurudi na majibu ya kipimo yenye maneno yaleyale, "meniskasi imechanika" (meniskasi ni kipande kama mto kilicho kati ya mifupa ya goti), na bado tiba inayomsaidia mmoja ikawa haina faida kwa mwingine.

Hapa nalinganisha njia nne ambazo wagonjwa wengi hukwama katikati yake: mazoezi tiba, dawa na sindano, upasuaji wa kamera pamoja na ule wa kutengeneza ligamenti (kamba ngumu zinazofunga mifupa pamoja), na goti bandia. Kila moja nitaipima kwa vigezo vilevile: inafanya nini ndani ya goti, tafiti zimeonyesha nini, inadai nini kutoka kwako kwa muda na kwa hatari, na inamfaa nani. Kipo kigezo kimoja ambacho daktari hawezi kukujazia, nacho ni kazi unayotaka goti lifanye. Kurudi kwenye mchezo wa kukimbia na kugeuka ghafla si sawa na kutaka kupanda ngazi bila kushika ukuta.

Magoti yasiyosubiri

Goti lililovimba ghafla, la moto, likiambatana na homa au kutetemeka, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Bakteria wakiingia kwenye kiungo huharibu gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache, na wanaweza kusambaa kwenye damu. Daktari atavuta majimaji kwa sindano na kuyapeleka maabara, na hilo halina mbadala wa nyumbani.

Goti lililotoka mahali pake kwa ajali ni la dharura pia, hata kama limerudi lenyewe. Mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti unaweza kuwa umejeruhiwa, na mguu ukianza kupoa, kubadilika rangi au kufa ganzi, muda uliobaki wa kuuokoa ni wa saa chache tu. Aliyeumia akashindwa kupiga hatua nne, au kukunja goti hadi digrii 90, apigwe eksirei ili kuangalia kama mfupa umevunjika. Asiyeweza kuinua mguu ukiwa umenyooka huenda amekatika kano kubwa ya mbele, na kano hiyo hushonwa vizuri zaidi ikiwahiwa ndani ya wiki za mwanzo. Goti lililokwama likawa halinyooki hata kwa kulivuta, mara nyingi lina kipande cha meniskasi kilichojipenyeza katikati ya mifupa. Hao wote waende kwanza, ulinganisho wausome baadaye.

Jambo moja kwa wazazi: mtoto anayechechemea na kusema goti linauma, ilhali goti lenyewe halina kasoro, achunguzwe nyonga. Maumivu ya nyonga kwa watoto hupenda kujitokeza gotini.

Goti lako ni lipi?

Swali la tiba haliwezi kujibiwa kabla ya hili, na kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wanapopotea: wanachagua tiba kabla ya kujua wanachotibu.

Goti ni makutano ya mfupa wa paja, mfupa wa muundi na pia ya goti. Ligamenti kuu nne huifunga mifupa hiyo isiteleze. Ile ya upande wa ndani ikichanika, kwa kawaida hupona kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi, bila kisu. Ile ya msalaba ya mbele, ambayo wachezaji wote wanaijua kwa jina la ACL, ndiyo yenye mjadala. Kisa chake hufanana kwa watu wengi. Hakuna aliyemgonga, mguu ulikanyaga chini, mwili ukageuka, pakasikika mlio, na ndani ya saa chache goti likawa limejaa, kwa sababu linajaa damu. Baada ya wiki chache uvimbe unapungua, anatembea vizuri kwenye njia iliyonyooka na kudhani amepona. Siku anapogeuka ghafla, goti linaachia.

Meniskasi ni mbili katika kila goti. Zimekaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi kama ngata kati ya kichwa na mtungi: hutuliza mzigo na kuusambaza usikae sehemu moja. Ukingo wake wa nje hupata damu, kwa hiyo ukichanika unaweza kushonwa na kupona. Sehemu ya ndani haina damu, na uwezo wake wa kujiponya ni mdogo. Kuna mchaniko wa kijana aliyejipinda, na kuna mchaniko unaokuja polepole pamoja na umri. Huu wa pili ni wa kawaida sana. Utafiti uliowapiga picha za MRI, kipimo kinachoonyesha tishu za ndani ya mwili, wakazi 991 wa mji wa Framingham, Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 90, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba kati ya waliokuwa na meniskasi zilizochanika, asilimia 61 hawakuwa wamehisi maumivu wala kukaza kwa goti katika mwezi uliotangulia. Kwa hiyo picha ikionyesha mchaniko kwa mtu wa miaka 60, bado haijathibitisha kwamba maumivu yanatoka hapo.

Kisha kuna kusagika kwa goti, ambako gegedu linalofunika ncha za mifupa huchakaa, mfupa chini yake hubadilika, na utando wa ndani huvimba mara kwa mara. Dalili zake ni maumivu yanayoongezeka ukitembea au kushuka ngazi, na kukaza asubuhi kwa muda usiozidi nusu saa hivi. Kukiwa na kukaza kwa saa nzima na zaidi, pamoja na uvimbe kwenye viungo vingine, fikiria ugonjwa mwingine, kama baridi yabisi. Goti linaloshtuka usiku mmoja likawa jekundu na lisiloguswa linaweza kuwa gauti. Tiba za magonjwa hayo ni tofauti kabisa na hazimo katika ulinganisho huu.

Kuhusu "kuisha ute", yaani ile kauli kwamba goti linauma kwa sababu majimaji yake yamekauka, nataka lieleweke, maana wengi wameuza na wengi wamenunua tiba kwa ajili ya maneno hayo. Goti lililosagika na kuvimba mara nyingi lina majimaji mengi kuliko kawaida, ila yamekuwa mepesi. Tatizo liko kwenye gegedu, mfupa na utando, na hakuna kinywaji wala unga unaorudisha gegedu lililokwisha. Vilevile goti linalolia kwa sauti bila maumivu si ugonjwa.

Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, yanayowapata zaidi vijana wakipanda ngazi au kukaa sana, ni rahisi zaidi kuyaamulia: tiba yake ni kuimarisha misuli ya paja na nyonga na kupunguza kwa muda kile kilichoyachokoza. Upasuaji hauhusiki isipokuwa kwa nadra.

Njia ya kwanza: mazoezi tiba

*Inafanya nini.* Misuli ya mbele ya paja na ya nyonga hupokea sehemu ya mzigo ambao vinginevyo ungeangukia kiungo. Misuli ya nyuma ya paja huzuia muundi usiteleze mbele, kazi ambayo ACL iliyokatika haiifanyi tena. Gegedu nalo halina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya goti yanayoingia na kutoka linapobanwa na kuachiwa. Goti lililolazwa tu linakosa yote hayo, na misuli ya paja hunywea haraka kuliko watu wanavyodhani.

Chukua zoezi moja. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono ukiipishanisha kifuani, nyayo chini na miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Inuka bila kujisukuma kwa mikono. Kisha shuka polepole ukihesabu moja hadi tatu, mpaka makalio yaguse kiti, bila kujitupa. Huko kushuka ndiko kwenye kazi. Magoti yaelekee ziliko ncha za vidole, yasiangukiane kwa ndani. Maumivu ya kuvumilika yanaruhusiwa. Yakiwa bado yamepanda kesho yake, punguza idadi au tumia kiti kirefu zaidi, lakini usiache.

*Tafiti zimeonyesha nini.* Kwa goti lililosagika, miongozo mikuu ya kitabibu huyaweka mazoezi na kupunguza uzito mwanzoni kabisa, kwa mgonjwa wa umri wowote. Kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti kama kilo nne za mzigo katika kila hatua, hivyo kilo tano tu ni jambo kubwa. Kwa mchaniko wa meniskasi unaoambatana na kusagika, utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliohusisha watu 351 ulikuta kwamba baada ya miezi sita waliopangiwa mazoezi na waliopangiwa upasuaji walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana. Ni haki kuongeza kwamba karibu thelathini katika kila mia ya waliopangiwa mazoezi waliomba upasuaji ndani ya muda huo.

*Inadai nini.* Inadai subira. Programu ya GLA:D iliyoanzishwa Denmark mwaka 2013 ina vipindi 12 vya mazoezi ndani ya wiki sita, na wiki sita hadi kumi na mbili ndicho kipimo cha haki kabla ya kusema "nimejaribu ikashindikana". Wengi wanaosema walijaribu walipewa karatasi yenye michoro, wakafanya siku nne. Hatari ya njia hii ni ndogo mno, lakini faida yake hupungua ukiacha. Haifuti kusagika; inakufanya uweze kuishi nako vizuri.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, ama kama tiba kamili au kama maandalizi ya upasuaji. Haimtoshi mwenye goti lililokwama, wala mwenye goti linaloachia kila mara hata baada ya kujenga misuli.

Njia ya pili: dawa na sindano

*Inafanya nini.* Hutuliza maumivu na uvimbe. Hakuna hata moja kati yake inayoshona kilichokatika.

*Tafiti zimeonyesha nini.* Jeli ya kupaka ya diklofenaki husaidia kusagika kwa goti na huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo kuliko vidonge, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Vidonge vya jamii hiyo, kama ibuprofeni, vina nguvu zaidi, lakini huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa nyingine. Parasetamo ni nyepesi kwa tumbo, ila kwa goti lililosagika nafuu yake ni ndogo. Vidonge vya glukosamini vinauzwa sana. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583, haukuona vikizidi vidonge vya kuigiza visivyo na dawa kwa wagonjwa wote kwa ujumla.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndiyo ile inayowainua watu. Inaweza kuleta nafuu ndani ya siku chache, ikadumu wiki kadhaa, kwa wengine hadi miezi mitatu hivi. Mtu ambaye hakuweza hata kuanza mazoezi kwa maumivu anaweza kuitumia kama mlango wa kuingilia. Tatizo ni kuigeuza desturi. Utafiti wa mwaka 2017 uliwapa watu 140 sindano kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu steroidi na nusu maji ya chumvi. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa pungufu kuliko ya wenzao.

Sindano za asidi ya hayaluroni, zinazotangazwa kama za kurudisha ute, zimeonyesha faida ndogo, na baadhi ya miongozo haizipendekezi. Sindano ya plazma inayotokana na damu ya mgonjwa mwenyewe ina matokeo yanayopingana. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 wenye watu 288 haukuona tofauti ya maana kati yake na maji ya chumvi. Mtu akizitaka baada ya kuelezwa hivyo, ni uamuzi wake. Ninachokataa ni kuuziwa kwa ahadi ya gegedu jipya.

*Inadai nini.* Muda mfupi sana. Mwenye kisukari ajue kwamba steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na apime mara nyingi zaidi. Maambukizi ni nadra lakini ni mazito. Anayetarajia goti bandia amwambie daktari tarehe ya sindano yake ya mwisho, kwa kuwa upasuaji kwa kawaida huahirishwa hadi ipite miezi mitatu, ili kupunguza hatari ya maambukizi.

*Inamfaa nani.* Mwenye goti lililosagika ambalo limewaka na kuvimba, au mwenye safari, msiba au jukumu la karibu lisilosubiri. Haimfai mchezaji aliyekatika ligamenti anayetaka kutuliza maumivu ili acheze Jumamosi: goti lisilouma lakini lisiloshikwa ndilo linalochana meniskasi.

Njia ya tatu: upasuaji wa kamera

*Inafanya nini.* Kupitia matundu madogo, daktari huingiza kamera na vifaa vyembamba. Lakini chini ya jina hili moja kuna kazi tofauti sana, na ni lazima uulize yako ni ipi. Kuna kusafisha goti lililosagika. Kuna kupunguza kipande cha meniskasi kilichochanika, au kukishona. Na kuna kujenga ACL mpya kwa kutumia kano ya mgonjwa, iliyochukuliwa nyuma ya paja, chini ya pia ya goti au juu yake.

*Tafiti zimeonyesha nini.* Kusafisha goti lililosagika kumepimwa kwa njia kali kuliko operesheni nyingi. Mwaka 2002 huko Houston wagonjwa 180 waligawanywa. Wengine walisafishwa goti, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa chochote ndani, na hawakujua wamo kundi gani. Kwa miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maumivu. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walifanya jaribio la namna hiyo kwa watu 146 wenye mchaniko wa meniskasi uliotokana na uchakavu, nao hawakuona upasuaji ukizidi ule wa kuigiza. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 ukashauri kwa nguvu dhidi ya kamera kwa magoti ya aina hiyo. Hapa ushahidi umeegemea upande mmoja, na mgonjwa ana haki ya kuusikia kabla ya kusaini.

Mambo ni tofauti kwa kijana mwenye mchaniko mpya kwenye ukingo wenye damu, au kwa goti lililokwama. Hapo kushona hulinda goti kwa miaka ijayo, na ni bora kuliko kukata panapowezekana.

Kuhusu ACL, tafiti mbili zinaonekana kupingana, ila ukizisoma vizuri zinasaidiana. Nchini Uswidi, watu 121 wachanga na wachangamfu walioumia karibuni waligawanywa: kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine lilianza na mazoezi likiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa sawa, na ufuatiliaji wa baadaye ukaonyesha kwamba kufikia mwaka wa tano karibu nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2022 wenye watu 316 uliwaangalia wengine: walioumia muda mrefu uliopita na ambao bado goti liliwaachia. Kwa hao, upasuaji uliwapa matokeo bora. Ukiziweka pamoja, mwenye jeraha jipya ana muda wa kujaribu mazoezi kwanza, na aliyekwishaishi na goti linaloachia kwa miezi mingi ana sababu nzuri ya kupasuliwa.

*Inadai nini.* Aliyekatwa kipande cha meniskasi hurudi kazini ndani ya wiki chache. Aliyeshonwa huzuiwa kuchuchumaa kwa miezi kadhaa, ili nyuzi zisikatike. ACL ni safari ndefu: miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi kwenye mchezo wa kugeuka. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kila mwezi wa kusubiri hadi kufika wa tisa ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Hatari ni maambukizi, damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, goti kukaza na kano mpya kukatika. Na jambo lisilosemwa sana: goti lililowahi kukatika ACL lina uwezekano mkubwa zaidi wa kusagika mbele ya safari, na haijathibitika kwamba upasuaji unaliondolea hatari hiyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye goti lililokwama, mwenye mchaniko unaoshoneka, mwenye goti linaloachia licha ya mazoezi, na mchezaji wa michezo ya kugeuka ambaye hataki kuiacha.

Njia ya nne: goti bandia

*Inafanya nini.* Nyuso za mifupa zilizochakaa huondolewa na kuwekwa chuma na plastiki ngumu. Kama uchakavu uko upande mmoja tu, inawezekana kubadilisha upande huo peke yake. Mtu mwenye umri mdogo zaidi na mwenye matege yaliyouelemea upande mmoja anaweza kuuliza kuhusu upasuaji wa kunyoosha mfupa ili mzigo uhamie upande ulio mzima.

*Tafiti zimeonyesha nini.* Kwa goti lililochakaa kabisa, hakuna kinachopunguza maumivu kwa kiasi kama hiki. Mwaka 2015 Denmark ililinganisha watu 100: wote walipata mazoezi, ushauri wa chakula na dawa, na nusu yao wakabadilishiwa goti kabla ya hapo. Baada ya mwaka mmoja waliobadilishiwa walikuwa wamepata nafuu karibu maradufu ya wenzao, lakini pia walipata madhara makubwa mara nyingi zaidi. Kati ya 50 ambao hawakupangiwa upasuaji, 37 hawakuwa wameuhitaji ndani ya mwaka huo. Kuhusu kudumu, takribani magoti 82 kati ya 100 bado hufanya kazi baada ya miaka 25.

Wasiofurahia ni wengi kuliko ambavyo watu hutarajia: kama mmoja kati ya watano huendelea kuwa na maumivu au kutoridhika. Wanaoingia wakiwa na uchakavu mdogo kwenye eksirei wana nafasi kubwa zaidi ya kuwa miongoni mwao.

*Inadai nini.* Kulazwa siku chache, kusimama siku hiyohiyo au kesho yake, kama wiki sita za mkongojo, miezi mitatu kabla ya kujisikia mwepesi, na hadi mwaka mzima kwa nafuu kamili. Kukunja goti wiki za mwanzo kunauma, na asiyejilazimisha hubaki na goti gumu. Kupiga magoti kunawezekana kwa wengine, lakini wengi hukuona kugumu, na kuchuchumaa hadi chini si jambo la kulitegemea. Maambukizi hutokea kwa takribani mmoja au wawili kati ya mia, na yakitokea huweza kudai operesheni nyingine. Umri nao una uzito wake: kwa wanaume wanaobadilishiwa goti mwanzoni mwa miaka yao ya 50, takribani mmoja kati ya watatu atalazimika kurudiwa maishani mwake.

*Inamfaa nani.* Mwenye uchakavu mkubwa unaoonekana kwenye eksirei, maumivu yanayomwamsha usiku au kumfungia nyumbani, na ambaye amefanya mazoezi kwa dhati bila kupata maisha anayoyataka.

Uamue vipi kwa hali yako

Umeumia jana uwanjani na goti limejaa: hakuna haja ya kuamua kuhusu upasuaji wiki hii, maadamu huna dalili za dharura. Punguza uvimbe, rudisha uwezo wa kunyoosha goti kikamilifu, pata uchunguzi wa mtu anayejua kupima ulegevu wa goti kwa mikono. Goti lililopasuliwa likiwa bado limevimba na gumu huelekea kubaki gumu.

ACL imekatika na kazi yako ni ya kukaa, michezo yako ni kuogelea au baiskeli: miezi mitatu ya mazoezi ya kweli kwanza. Goti lisipoachia, huenda umemaliza. Likiachia mara mbili tatu, rudi kwa daktari, usilizoee, maana kila kuachia kunaweza kuchana meniskasi.

Una miaka 50 na kitu, MRI imesema meniskasi imechanika, goti halikwami: anza na mazoezi na jeli. Ukishauriwa kamera, uliza hivi: "Daktari, mchaniko huu ni wa kuumia au wa uchakavu? Na ungenifanyia nini nisingepiga MRI?" Daktari mzuri hatakasirika.

Goti limesagika na limewaka kiasi cha kushindwa kutembea: sindano moja ya steroidi ni ya haki, mradi siku ya tatu au ya nne baada yake uwe umepangiwa mazoezi. Ukifika kuomba ya tatu ndani ya mwaka, mazungumzo yahamie kwenye uzito, misuli na goti bandia.

Umefanya yote hayo na bado huwezi kulala: usijilaumu wala usiahirishe kwa woga mpaka misuli inywee na goti lipinde. Nenda ukiwa umeijenga misuli ya paja kadiri ya uwezo wako, umeweka sukari na presha sawa, umeacha sigara, na umeshajua nani atakuwa nawe nyumbani wiki mbili za mwanzo.